Usukani wa Mama Mkia

Lango la kwanza la mfereji ule lilifunguliwa kwa usukani wa lori. Fundi mchomeaji alikosa chuma kingine cha mviringo, akaung'oa kwenye lori bovu na kuufunga kwa nati juu ya chuma kinachoinua bamba la lango. Ukizungusha huku, mto unaingia mashambani. Ukizungusha kule, unapita zake.

Mama Mkia alikuwa fundi cherehani aliyefiwa na mume. Mdogo wa marehemu, mwenyekiti wa wakulima, ndiye aliyemwandikisha kwenye chama chao cha umwagiliaji. Mashamba yaligawanywa kwa kura ya vizibo vya soda. Mwenyekiti akapata la kwanza, chini tu ya lango. Shemeji yake akapata la mwisho, kule mkiani, na jina likamganda siku hiyohiyo.

"Hata mkia ni nyama," jirani yake, mchinjaji aliyeacha bucha akashika jembe, alimfariji.

Maji yalitoka langoni yamejaa, yakafika kwake yakiwa tope la kuoshea miguu. Kila mwenye shamba huko juu alikuwa ametoboa ukingo wa mfereji, tundu lake la siri ambalo wote walilijua. Miche ya mpunga ya Mama Mkia ikaanza kujikunja. Sharti la chama lilikuwa wazi: shamba lisilovunwa msimu wa kwanza linarudishwa. Naye chumba cha kupanga mjini alikuwa ameshakirudisha kwa mwenyewe.

"Vumilia, shemeji," mwenyekiti alimwambia. "Maji ni kama mgeni, yatafika tu."

"Mgeni gani anakula kila nyumba njiani, kwangu anafika kunawa mikono?"

Asubuhi moja, watu wakiwa kwenye palizi, alipanda hadi langoni na spana. Akalishusha bamba mpaka chini, akafungua nati, akajitwika usukani. Waliomwona walidhani anaupeleka kwa mchomeaji.

Alasiri mfereji ulikuwa mkavu. Walimkuta barazani kwenye kibanda chake cha shambani, anapiga cherehani, usukani umening'inia msumarini nyuma yake.

"Shemeji, rudisha usukani."

"Lori liko wapi, nikupe usukani?"

"Acha mzaha. Mpunga wa watu utakauka!"

"Wangu ulipokauka ulikuwa wa mbuzi?"

"Huyu mama ametukaba koo," mchinjaji alilalama.

"Koo lako wewe lina matundu mawili, jirani. La kwenye shamba lako na la nyuma ya choo."

Watu wakacheka, na kicheko kile kikamlainisha hata mwenyekiti. Sharti la Mama Mkia lilikuwa fupi: matundu yazibwe, maji yaanzie mkiani, kisha yapande shamba kwa shamba. Na usukani ukae kwa mtu wa mwisho, kwa sababu huyo ndiye pekee asiyeweza kujinufaisha bila maji kupita kwa wenzake wote. Walikubali kwa shingo upande. Miche yake ikanyooka. Alivuna kidogo, lakini alivuna, na shamba likabaki lake.

Kilichomuuma mwenyekiti si maji. Ni kwamba watu waliacha kwenda kwake. Walikwenda barazani kwa fundi cherehani, hata wasiokuwa na nguo ya kushona. Msimu wa pili akamwendea mwenyewe: tubadilishane mashamba, wewe juu, mimi chini. Mama Mkia hakungoja asihiwe. Alihama na cherehani yake, usukani akauacha msumarini.

Shamba la juu lilikuwa raha. Maji yalipita mlangoni yakiimba, hayana wa kuyauliza. Wiki hazikupita nyingi, jembe likamwasha mkononi. Akachimba katundu kadogo tu ukingoni, ka kumwagilia mchicha.

Shemeji yake alitokea njiani, usukani begani, suruali imekunjwa hadi magotini. Alikuwa akikagua ukingo kutoka mkiani, kwa sababu kwake maji yalikuwa yamepungua. Akasimama juu ya lile tundu.

"Hata wewe, shemeji?"

Mama Mkia alimtazama, akatazama na mchicha wake. Alijua miche inavyojikunja kule chini.

"Nilikuwa napima kama mlinzi amelala," alisema.

"Hajalala."

Mama Mkia akachota udongo kwa jembe, akaziba, akakanyagia kwa kisigino. Mwenyekiti hakuondoka hadi alipohakikisha halivuji.