Mstari wa Kumi na Tano

Mashine ya michezo ilitema diski kwa sauti ndogo, tsss-tak, nami niliyekuwa nachambua maharagwe jikoni nikasimama na ungo mkononi.

Mtoto wangu wa mwisho, Dieudonné, alikuwa sebuleni na rafiki yake wa jirani. Rafiki alikuwa amekuja na mchezo wake mwenyewe, ameuficha ndani ya sweta mvua isiulowanishe. Waliuingiza, mashine ikautema. Wakaufuta kwa pindo la shati, wakauingiza tena, ikautema tena. Yule rafiki akasema kwao wana mashine ya kampuni nyingine, na kwamba hii yetu haitaukubali hata wakiubembeleza mpaka kesho. Dieudonné akaniita, maana kwake mama ndiye fundi wa kila kitu.

"Maman, disque iko muzima, mashine iko muzima. Sasa ni nani anakatala?"

Nilimjibu kwamba kuna watu wakubwa huko mbali waliokaa mezani wakaamua hivyo. Nilimwambia ukweli, lakini si wote. Sikumwambia kwamba hata mimi niliwahi kukaa mezani nikaamua hivyo hivyo, nikiwa na miaka kumi na miwili, hapa hapa Bukavu, wakati nchi bado inaitwa Zaïre. Nimemficha jambo hili mume wangu na padri wa kitubio. Leo nawaambia ninyi, kwa kuwa hamnioni usoni.

Baba yangu alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa mazao, na mzungu mmoja wa ofisini kwake aliporudi kwao alimwachia kompyuta. Msidhani ilikuwa kama za leo. Ilikuwa kibao cheusi chenye vitufe, kikifungwa kwenye televisheni, na nyuma yake kisanduku cha kuongeza kumbukumbu ambacho baba alikipangusa vumbi mwenyewe. Ukiizima ilisahau kila kitu. Ili ikumbuke, mchezo ulirekodiwa kwenye kaseti ya kawaida ya muziki, na ukiucheza kwenye radio ulisikia mlio kama wa nguruwe anayebanwa mlangoni. Maman aliitengenezea kitambaa cha kroshe. Wageni waliotutembelea kwetu Nyawera waliamkia watu wa nyumbani, kisha wakaiamkia mashine.

Mimi nilijua kuiwasha. Aliyejua kuisemesha alikuwa Furaha.

Furaha alikuwa mwenzangu wa darasa, akitoka Kasha, kule juu Bagira, na maman yake alikuwa mshonaji. Alikuja kwetu kwa miguu Jumatano na Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia mji. Alinawa miguu kwenye bomba la uani, akakaa mbele ya televisheni na magoti yake yamebanana, akasoma kitabu cha maelezo cha ile mashine kama wengine wanavyosoma barua ya kutoka Ulaya. Baada ya miezi michache alikuwa ametunga mchezo wake. Herufi M ilikuwa mama anayepanda kutoka soko la Nyawera hadi Bagira na beseni la sambaza, dagaa wa ziwani, kichwani. Herufi D zilikuwa madimbwi. Herufi S zilikuwa askari, na askari akikugusa beseni linapungua. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Tulicheza hadi saa ya habari, wakati televisheni ilipodaiwa na baba, na uso wa Mkubwa wa nchi, Rais, ukaanza kushuka kutoka mawinguni kwenye skrini kama kila jioni.

Sasa niwaambie desturi yetu, maana bila hiyo hamtanielewa. Kila msichana wa shule yetu alikuwa na kaye, daftari la nyimbo. Uliazima kaye ya mwenzako, ukanakili maneno kwa mkono, na ukiongeza chako uliandika jina lako pembeni. Hakuna aliyenyimwa. Kunyima kaye ilikuwa aibu kubwa kuliko kuvaa soksi zenye matundu. Furaha aliuweka mchezo wake katika kaye namna ile ile, mstari kwa mstari, kila mstari na namba yake, na akaiachia izunguke. Wasichana ambao hawajawahi kugusa kompyuta walinakili ile mistari ya Kifaransa na alama zake, wakiisubiri siku yao. Mmoja aliongeza mbwa. Mwingine wa kule Kasha aliongeza njia ya mkato nyuma ya kanisa, ambayo ipo kweli. Pembeni majina yao yaliandikwa kwa kalamu za bic za rangi zote. Ule mchezo haukuwa tena wa mtu mmoja, na Furaha alifurahi hivyo.

Mimi pia nilifurahi, ila kwa sababu nyingine. Kaye ilizunguka kila mahali, lakini mashine ilikuwa kwetu. Wasichana waliniletea mapera na mandazi. Niliyempenda alikaa kwanza, niliyemkasirikia alishika antena.

Kisha padri wa parokia ya kina Furaha, kule Kasha, akapata mashine kama yetu, isipokuwa kile kisanduku cha nyuma chake kilikuwa kidogo. Akaiweka katika sale, ukumbi wa parokia, mlango wazi, na yeyote aliyemaliza salongo aliingia. Mchezo wa Furaha ulikubali kule kama ulivyokubali kwetu. Jumamosi ya kwanza walikuja wasichana watatu nyumbani. Jumamosi ya pili alikuja Furaha peke yake. Maman alikuwa amekaanga mandazi ya watu kumi, na tuliyala siku mbili, mimi na mdogo wangu, bila hamu. Niliumia. Nilijiona kama duka lililofungiwa barabara.

Muda si mrefu padri akaleta habari. Masere mmoja, mtawa aliyekuwa mkuu wa lycée, sekondari ya bweni yenye sehemu ya sayansi, alikuwa anapita Bukavu, na alikuwa anatafuta msichana wa kumchukua bure. Padri alikuwa amemsimulia habari za mchezo. Masere alisema atapita Kasha Jumapili baada ya misa, auone kwa macho yake. Maman Furaha hakuwa na uwezo wa kumpeleka binti yake sekondari. Jambo hilo lilijulikana, hata Furaha alilisema wazi, bila kujihurumia. Ile Jumapili ndiyo ilikuwa mlango wake, na hakuwa na mwingine.

Ijumaa alinijia na kaseti yake. Ilikuwa moja tu. Mkanda ulikuwa umeanza kukwaruza, akaniomba niurekodi mchezo upya kwetu, kwa kuwa radio yetu ilikuwa nzuri.

"Nabintu, unifanyie vizuri, sawa? Ni weye nategemea."

Nilimwambia asijali.

Alipoondoka nilikaa mezani peke yangu, nikapekua kitabu cha maelezo hadi nikapata nilichotaka, nikaongeza mstari mmoja, wa kumi na tano. Haukufanya kitu chochote katika mchezo. Uliiambia mashine itenge ghala kubwa sana la kuhifadhia namba, ghala ambalo hakuna namba hata moja ingeingia. Kisanduku chetu kilikuwa na nafasi ya ghala hilo. Cha parokia hakikuwa nayo. Nilijaribu kwetu, mama akapanda Bagira vizuri kabisa na sambaza zake. Nikarekodi juu ya ule wa zamani.

Nisijifanye sikujua. Nilijua. Lakini akili yangu ya miaka kumi na miwili ilikuwa imejipangia filamu yake: mchezo utakataa kule, padri atasema basi twendeni Nyawera kwa kina Nabintu, na masere atakuja na gari lake hadi mlangoni kwetu, baba atavaa tai, na wasichana wote watamfuata. Furaha atapata lycée yake, nami nitapata sebule yangu. Hata nilimwomba maman atoe kitambaa cha meza cha Noeli. Akauliza kuna nini. Nikasema huwezi kujua.

Jumapili sale ilijaa. Maman Furaha alikuwa amemshonea binti yake robe, gauni la bluu lenye kola nyeupe, na yeye mwenyewe alisimama ukutani, mikono ameikunja mbele, akitabasamu kwa kila mtu. Masere alikaa kwenye kiti pekee chenye mto. Furaha akaweka kaseti. Ule mlio ukaanza, dakika tano nzima, watu wakacheka, masere naye akacheka. Kisha mlio ukakatika, na chini kabisa skrini ikaandika: ERREUR 4.

Furaha akafikiri ni mkanda. Akaurudisha mwanzo. Dakika tano nyingine, na safari hii hakuna aliyecheka. ERREUR 4. Akageuka, akanitafuta kati ya watu, akaniona. Kitabu cha maelezo kilikuwa kwetu. Parokia haikuwa nacho.

"Nabintu, erreur quatre ni nini? Weye unakumbuka?"

Nilikuwa nakumbuka. Erreur quatre, kosa la nne, maana yake ni nafasi ya kumbukumbu haitoshi. Nilikuwa nimesoma ukurasa ule siku mbili kabla. Ningesema sentensi moja tu, angefuta mstari mmoja, na mama angepanda. Lakini kuutaja mstari ule kulikuwa ni kujitaja mwenyewe, mbele ya padri na wasichana wote.

"Sijue," nikasema.

Hata ile filamu yangu haikuanza. Hakuna aliyesema twendeni Nyawera, hata mimi. Masere akaangalia saa yake, akasema kwa upole kwamba dereva anamngoja, njia ni mbaya na mawingu yanakusanyika. Akamshika Furaha bega. Na Maman Furaha akatoka ukutani, akainama mbele yake, akasema, "Tusamehe, masere. Mutoto ajajua bado vizuri." Aliomba msamaha kwa ajili ya kosa langu, amevaa kitenge chake cha misa. Nimesahau mengi ya utoto wangu, lakini kile kiuno kilichoinama sijakisahau.

Masere alimchukua msichana mwingine, wa parokia nyingine. Furaha alimaliza mwaka wa sita wa msingi, akakaa kwenye cherehani kando ya maman yake.

Siku chache baada ya ile Jumapili alikuja kwetu. Nilimwona kutoka dirishani akinawa miguu bombani, kaye ameibana kwapani. Nikajificha nyuma ya pazia la chumbani, nikamtuma mdogo wangu aseme sipo. Nilisikia akimwambia maman yangu kwa sauti yake ya kawaida: "Maman, mumupeye Nabintu hii kaye." Kisha nikasikia lango.

Sikuifungua. Nilikuwa na hakika ameniandikia matusi, au, jambo nililoliogopa zaidi, ameniandikia maneno ya huzuni. Maman aliitia katika malle, lile sanduku lake, kati ya vyeti vya ubatizo na picha. Miaka ikapita. Zaïre ikabadilika jina, vita vikaja, watu wakatawanyika. Nilisikia Furaha yuko Kalemie, anashona uniforme za watoto wa shule. Mwingine akaniambia si Kalemie. Sijawahi kumtafuta, na msinitetee kwa ajili ya vita. Kabla ya vita alikuwa Kasha, na miguu nilikuwa nayo.

Maman alipofariki malle ilikuja kwangu, na kaye ikiwa ndani. Niliiinua mara nyingi nikitafuta karatasi nyingine, nikairudisha.

Siku ile mashine ilipotema diski, na yule rafiki akairudisha ndani ya sweta yake na kuaga kwa adabu, niliacha maharagwe nikaenda kwenye malle. Dieudonné akanifuata. Tukakaa chini, nikaifungua kaye.

Hapakuwa na tusi, wala huzuni. Ulikuwa ni mchezo, umenakiliwa upya wote kwa mwandiko mzuri, kuanzia mstari wa kwanza, na majina yote pembeni: wa mbwa, wa njia ya mkato. Alikuwa ameukagua mstari kwa mstari wiki ile ile, akauona wangu. Hakuufuta. Mstari wa kumi na tano ulikuwa mahali pake, na kando yake, kwa bic ile ile aliyoandikia wengine, jina langu. Chini yake alikuwa ameandika kwa herufi ndogo, kwa ajili ya yeyote atakayenakili baada yangu: *Hii inakubali paka ku mashine ya kwabo. Kama uko na ingine, uiruke, muchezo utatembea.*

Yaani mstari ule unakubali kwenye mashine ya kwetu tu; mwenye nyingine auruke, mchezo utaenda. Basi alijua. Alijua alipokuwa akinawa miguu bombani. Pengine alikuwa amepanga kunisomea huo mstari, au kuniuliza kwa nini, au labda kuniazima tu kaye ili nami ninakili kama wenzangu. Sitajua kamwe, kwa sababu nilikuwa nyuma ya pazia. Nilifunga mchezo ili watu warudi kwangu, na aliyekuwa amebaki akija bila kuitwa nikamfukuza kwa mdomo wa mtoto.

Dieudonné alikuwa ameweka kidole chake pembeni ya ukurasa, anasoma majina moja moja. Kidole kikasimama kwenye mstari wa kumi na tano.

"Maman, huyu Nabintu wa ligne ya quinze ni weye?"

Nilitaka kusema kwamba Nabintu ni wengi Bukavu, na ni kweli ni wengi.

"Ni miye," nikamwambia.