Hajambo, Ila Kifua

Juzi mjukuu wangu alikuwa ananirudisha kutoka kanisani, akashika njia ya Hopkins, mji tuliokaa zamani, kwa sababu kule kwenye barabara kubwa walikuwa wanachimba. Nikaliona lile jengo. Zamani lilikuwa la matofali mekundu, sasa wamelipaka rangi ya majivu kama kaburi la tajiri, na ule mti uliokuwa unagonga dirisha letu wameung'oa. Nikamwambia, "Hebu simama." Akasimama, injini inanguruma, akaniuliza kwa Kiingereza chake pana nini hapa. Nikamwambia hapa ndipo ulipokuwa mtoto. Akasema okei. Basi okei hiyo ndiyo imenikalisha leo nikuandikie wewe, mwenzangu. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo ukiona naruka huku na kurudi kule, nivumilie. Hata mdomoni ndivyo ninavyosema.

Nilikuja huku ughaibuni miaka ile ya elfu mbili na kitu, mwanangu alipojifungua. Alikuwa na kazi mji mwingine, Inver Grove Heights, kwenye nyumba ya kutunza wazee. Yeye anaosha mama za watu huko, mimi mama yake namwoshea mtoto huku. Alikuwa akitoka na giza, akirudi na giza. Mchana kutwa nyumbani ilikuwa ni mimi, mtoto, na bomba la joto lililokuwa linagonga ndani ya ukuta kama mtu anabisha hodi. Wiki za mwanzo nilikuwa naitikia, "Karibu!" Usicheke. Nilipika makande ya maharage ya kopo, hayana utamu wa yale ya kwetu Upareni yaliyolala jikoni yakichemka pole pole. Na nikikaanga kitunguu tu, kile kidude cha moshi darini kinapiga mayowe, napanda kiti kukipepea kwa khanga mpaka kinyamaze. Majirani tulikutana kwenye ngazi tukatikisiana vichwa kama mijusi. Mtoto nilimbeba mgongoni hata kama halii. Mgongo wenye mtu haupati upweke sana.

Mgeni wetu alikuwa mmoja tu, nesi anayetembelea watoto wachanga majumbani. Mama wa Kizungu, mrefu, mashavu mekundu kwa baridi, mizani kwenye begi. Alikuwa akiweka simu mezani, humo inatoka sauti ya mkalimani, Mkongo, sijui alikuwa mji gani. Mimi nilikuwa na kiu ya Kiswahili, yule Mkongo nikamsalimia mpaka akachoka.

"Mama, miye niko ku kazi ya huyu madamu. Usinisalimie sana."

"Kwani wewe si mtu? Watoto wako hawajambo?"

"Wako bien, mama, wako bien. Sasa tupime mutoto."

Nesi anangoja tu, anatabasamu. Nilikuwa nahesabu siku zake za kuja kama mtoto anavyohesabu siku za sikukuu.

Hapa inabidi nikurudishe nyuma kabisa, Upareni, nikiwa msichana mdogo. Huko nako tulikuwa na nesi, wa misheni, alikuwa akipanda mlima kwa miguu na mizani begani. Anaitundika kwenye boriti ya jirani, watoto wananing'inia humo wakilia, mama zao wanacheka, harufu ya sabuni ya dawa na ya migomba iliyolowa. Mimi nilikuwa yaya wa mdogo wangu wa mwisho. Kutwa nzima yuko mgongoni kwangu, nikichota maji, nikiokota kuni, nikiruka kamba naye. Nilijua akilala, nilijua akiota, yote kwa mgongo. Msimu mmoja wa mvua akaanza kukohoa. Kifua chake nikakisikia mgongoni kinakwenda mbio, kama kifaranga uliyemfumba kiganjani.

Nesi akapita siku ile akiwa anawahi kushuka kabla mto haujajaa. Alisimama uani, hakuingia. "Mama, watoto hawajambo?" Mama akajibu, "Hawajambo, tunamshukuru Mungu. Karibu ndani." Na wewe unajua, kwetu hajambo si jibu, ni mlango unafunguliwa. Mgeni anaingia, anakaa, anapewa maji, ndipo unamwambia: hajambo, ila. Bibi yangu alikuwa akisema, shida haiambiwi mgeni aliyesimama. Kumwambia amesimama ni kama kumtupia mzigo njiani. Nesi akasema, "Leo siingii, mvua hiyo," akaenda zake. Alifundishwa kuhesabu pumzi za mtoto mgonjwa, lakini alikuwa mtu wa pwani, taratibu za mlimani hakuzijua. Mvua ile haikukatika kabla hatujamzika mdogo wangu. Muda mrefu baadaye nilikuwa nikiamka nikipapasa mgongo.

Haya, turudi Hopkins. Mchana mmoja wa theluji mtoto amekataa chupa tangu asubuhi. Anakohoa, ana joto. Nikamvalisha sweta juu ya sweta, nikamfunga mgongoni, nikamfunika na khanga nyingine. Mwanangu simu kazini zinafungiwa kabatini, simpati. Namba za dharura nilifundishwa, lakini ningemwambia nini mtu wa Kiingereza? Nikawa nazunguka kwenye zulia, na mgongoni nikakisikia. Kifaranga kile kile. Miaka yote ile, nikakitambua.

Hodi ikapigwa, si bomba, ni nesi. Kasimama kwenye kitambaa cha mlangoni na mabuti yake yanachuruzika, simu mkononi, hataki kuchafua zulia. Mkongo akasema, "Mama, anapita tu, theluji inakuwa mingi, ana nyumba ingine ya kwenda. Anauliza mutoto iko namna gani?"

Mdomo wangu ukajibu wenyewe. "Hajambo, tunamshukuru Mungu."

Mkongo akatafsiri. Nesi akanipungia mkono, akashika kitasa.

Mwenzangu, nilikuwa naona kila kitu na ulimi hautoki. Amesimama! Nilichoweza ni kukimbilia jikoni, nikavuta kiti changu cha kupepea moshi, nikakiburuta mpaka mlangoni, nikampiga nacho magotini. "Kaa!" Akashangaa, akakaa, mabuti na theluji yake. Hapo ulimi ukafunguka.

"Hajambo, ila kifua. Kifua, mwanangu, kinakwenda mbio!"

"Mama!" Mkongo akapiga kelele. "Mbele ulisema iko bien!"

"Mbele alikuwa amesimama!"

Nesi hakungoja tumalize. Alifungua khanga kwa mikono yake, akavua sweta moja, nyingine, nyingine, akapandisha fulana. Kisha akatulia. Akatazama saa ya mkononi na kile kifua kidogo, dakika nzima, anahesabu pumzi. Nikaona chini ya mbavu panabonyea ndani kila akivuta pumzi. Halafu maswali: ananyonya? Anatapika kila kitu? Anaamka ukimwamsha? Nepi imelowa lini? Akatazama kucha na midomo. Akamwinua kichwa begani kwangu, akapiga simu nyingine. Gari la wagonjwa lilitukuta bado amekaa kwenye kiti kile, mkono wake kwenye mguu wa mtoto. Hospitali wakasema ni nimonia, na wakasema imewahiwa. Mwanangu alifika na nguo za kazi, akaniuliza, "Mama, kwa nini hukusema mara moja?" Nikamwambia nilisema mara tu alipokaa. Akanitazama kama mgeni.

Tangu siku ile nesi akija anavua mabuti, anavuta kiti mwenyewe, anakunywa chai yangu ya tangawizi na kukunja uso. Mkongo alimfundisha. Anauliza, "Hajambo?" Najibu hajambo. Ananyamaza, ananitazama, halafu: "Ila?"

Kiswahili chake chote ndicho hicho. Mara ya mwisho kuja, mtoto anatembea, hapakuwa tena na cha kupima. Simu hakuitoa. Alikaa, akanielekezea kidole mimi. "Hujambo?" Nikasema sijambo. "Ila?" Nikamweleza yote, bomba, mijusi ya ngazini, mdogo wangu. Hakuelewa hata neno, na hakuinuka mpaka nilipomaliza. Sikumwona tena.

Sasa kanisani, dukani, kwa daktari, wote wananiuliza hali wakiwa wamesimama, wengine wanatembea. Mwanangu ananiuliza kwa simu akiwa anaendesha.

Juzi pale mbele ya jengo nilikuwa bado nalitazama dirisha letu. Mjukuu wangu, yule yule wa kifua, sasa ana mabega kama mlango, akajitahidi akaniuliza kwa Kiswahili: "Bibi, hujambo?" Mkono kwenye usukani, injini inanguruma.

Nikasema sijambo. Nikangoja.

Akatia gia, tukaondoka.