Moto Uliopita Juu ya Kuluba

Mwaka ule wa vita, nyumbani kwetu Koboko, karibu na mipaka ya Kongo na Sudan, tulikuwa na neno moja tu la kutegemea: iko. Mama alitoka Kongo, marehemu baba alikuwa askari, na Kiswahili chao kilikuwa kile cha kambini kisichojali ngeli. Kaka yangu naye alikuwa askari, huko kusini kwenye mapigano. Kila aliyemuuliza mama kama mwanawe yupo alijibiwa, "Iko." Shule yangu ya Mvara ilikuwa imefungwa, nami niliyezoea kumtania mama kwa sarufi yake sasa nilimwomba Mungu asibadilishe hata herufi moja ya neno lile.

Askari walioshindwa walipita wakielekea Sudan, wengine pekupeku. Mama aliwauliza wote habari za kaka. Hakuna aliyemjua. Majirani walikuwa wakivuka kwenda Kongo, lakini mama alikataa katakata. Kaka akirudi akute nyumba tupu? Kila jioni alimpakulia posho, ule ugali wetu wa mahindi, na maharagwe, akafunika sahani.

Jioni moja, jua limetoka kuzama, tulikuwa tukianua mihogo uani. Ghafla kukawa kweupe. Kitu cha moto kilipita angani upande wa Kuluba, kikiburuta mkia wa kijani, na vivuli vyetu vikazunguka ardhini. Kisha ukaja mngurumo. Nilijitupa chini. Jirani alisema mizinga imefika, akajitwika godoro na kushika njia ya mpakani bila hata kufunga mlango.

Mama alibaki amesimama. Nilimwambia ni jiwe tu, limewaka likianguka, tulifundishwa darasani. Hakunisikia. Kwao waliamini kwamba nyota ikianguka na kunguruma, imemchukua mtu wa nyumba iliyoiona. Niliichukia imani ile. Ila nilichukia zaidi swali lililonijia: kama kaka hajafa, yuko wapi basi?

Siku hiyo hakumpakulia kaka. Asubuhi alifunga mizigo, akafunga na mlango, tukaondoka.

Mpakani, mlinzi alimwonea huruma kwa mzigo ule. "Mama, hauna mutoto mwanaume wa kukubebea?"

"Ilikuwa," mama akasema.

Ngeli ni ile ile mbovu. Nililia mpaka nikashindwa kutembea.

Mama alizikwa kulekule Kongo. Habari za kaka hatukuzipata kamwe. Kama alirudi Koboko, alikuta nyumba tupu.