Haki ya Mzee Nduwimana

Kanisa letu la Minto, huku ughaibuni, hukutana katika ukumbi wa kukodi, na kwa miaka mingi mtu wa kwanza kufika kila Jumapili alikuwa Mzee Nduwimana, mzee wa kanisa. Alipanga viti, akajaribu vipaza sauti, kisha akasimama mlangoni na suti yake ya kijivu akitutazama tunavyoingia. Sketi fupi aliiona. Harufu ya bia ya jana aliinusa. Hakuwa mtu mbaya. Ukifiwa, ndiye aliyekuja kukaa nawe. Lakini tangu alipookoka katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila aliamini kwamba mwenye haki ni yule asiyeteleza, na yeye hakukumbuka kuteleza.

Bintiye, Keza, aliimba kwaya na kusomea uuguzi. Alipopata mimba, na mwanamume akamkana, alimwendea baba yake akilia.

"Jumapili utasimama mbele ya kanisa uungame," Mzee akamwambia.

"Baba, nimeshatubu. Nimemlilia Mungu mpaka machozi yameniisha."

"Mungu amekusikia. Kanisa halijakusikia."

Candide, mkewe, akajaribu kuingilia. "Baba Keza, mtoto ameumia. Mwache apumue kwanza." Mzee akaenda kupiga pasi suti yake.

Keza hakusimama. Basi jina lake likasomwa, akatengwa na Meza ya Bwana, na aliyelisoma alikuwa baba yake mwenyewe, kwa sauti kavu isiyotetemeka. Wiki haikuisha, Keza akahamia Mount Druitt kwa rafiki yake. Candide alipanda treni kwenda kumwona, na mjukuu alipozaliwa alikuwapo. Mzee hakwenda. "Akitubu atanikuta," alisema, na mtoto akaota meno, akaanza kutembea.

Mzee alikuwa dereva wa foklifti, kigari cha kunyanyulia mizigo, katika ghala moja kule Wetherill Park. Asubuhi moja alirudi nyuma bila kutazama, akagonga nguzo ya rafu, na makasha ya vioo yakaanguka na kuvunjika sakafuni. Hakuna aliyeumia, wala hakuona mtu karibu. Akasogeza foklifti pembeni, akaenda kunawa uso. Aliporudi alimkuta msimamizi amesimama kwenye vile vipande pamoja na Wekesa, kijana Mkenya, kibarua aliyeletwa na wakala wa ajira, aliyekuwa akipanga mizigo upande ule.

"Nduwimana, umeona kilichotokea?"

"Hapana. Nimekuta hivi."

Uongo ulimtoka mwepesi kama salamu. Wekesa akaambiwa asirudi tena.

Jumapili Mzee akapanga viti kama kawaida. Ilipofika zamu yake ya kugawa kikombe, mikono ikakataa. Akakirudisha mezani, akatoka, akakaa kwenye ngazi za nje. Baada ya ibada Mchungaji Égide akamfuata. Mzee akamweleza yote.

"Nitenge," akasema. "Niambie nifunge mwezi mzima. Nitasimama mbele za watu."

"Kazini utasema kweli, hilo halina mjadala," Mchungaji akajibu. "Lakini usidhani utamlipa Mungu kwa aibu yako. Kristo alishalipa. Wewe amini tu."

"Tu?"

"Tu. Ndiyo maana inatushinda sisi watu wa kanisa."

Kesho yake Mzee akasema kweli, akapewa onyo kali. Wekesa alikuwa ameshapata kazi Port Botany. Mzee akamfuata hadi huko, akamngoja getini wakati wa chakula. Alikuwa ameandaa maneno mengi, ila kijana hakumwacha afike katikati.

"Mzee wangu, hiyo nilishasamehe siku ileile. Niliona taa ya foklifti yako imevunjika, nikajua. Nikasema, huyu mzee ameogopa tu. Umekula?" Akamkatia nusu ya chapati yake.

Kwenye treni ya kurudi Mzee alilia bila kujificha, abiria wakageuza macho. Kijana asiye na cheo katika kanisa lolote alikuwa amempa bure kile ambacho yeye alimnyima mtoto wake wa kumzaa.

Jumamosi akaenda Mount Druitt na Candide. Keza akafungua mlango, mtoto akiwa amejificha nyuma ya miguu yake.

"Nimekuja kuomba msamaha, binti yangu," Mzee akasema kabla hajaketi. "Ulikuwa umeshasamehewa. Mimi ndiye niliyekukatalia."

Keza akamnyanyua mtoto, akampakata. Kisha akajibu kwa Kiingereza, kama afanyavyo neno likiwa zito: amemsamehe, na mjukuu ni wake, aje amwone apendapo. Ila kanisani harudi, si kwetu wala kwingine. Mwishowe akasema kwa Kiswahili, "Nikifumba macho niombe, Baba, nasikia sauti yako ikilisoma jina langu."



Mzee aliacha uzee wa kanisa. Siku hizi huketi viti vya nyuma, na Meza ya Bwana ikiandaliwa huenda kupokea kama sisi wengine, mikono wazi. Kwamba Mungu amemsamehe, hana shaka. Lakini msamaha huo haujamrudishia Keza imani aliyompokonya, na hilo analibeba.

Kila Jumamosi huenda kumsukuma mjukuu kwenye bembea. Juzi mke wangu alimuuliza huwa wanazungumza nini na binti yake.

"Mvua, jua, kazi zake hospitali," alisema. "Nikimtaja Yesu tu, anainuka kwenda kuosha vyombo."