Nusu Saa Mbele ya Geji

Mume wangu hutengeneza viyoyozi vya magari, lakini yeye mwenyewe hajapoa hata siku moja. Mtaani wanamwita Pilipili. Chai huinywa amesimama, viatu huvivaa akitembea. Cherehani yangu iko mlango wa pili kutoka gereji yake, kwa hiyo namsikia kutwa nzima akihangaika, spana huku, spana kule.

Siku ile alihangaika kupita kiasi. Gari lilikuwa la wifi yangu, dada yake mkubwa, gari kuukuu ambalo kiyoyozi chake kilitumia gesi ya zamani isiyouzwa tena. Saa nne asubuhi lilitakiwa kumpeleka baba mkwe hospitali, safari ya mwendo wa saa tano juani, na moyo wa mzee hauhimili joto. Safari iliyopita kiyoyozi kilikufa njiani, mzee akazimia kwenye kiti cha nyuma.

Wifi alilaumu uzee wa gari. Ukweli niliujua mimi. Kubadili gesi kunataka kuosha mabomba na kumwaga oili ya zamani, maana oili ile haitembei na gesi mpya. Pilipili aliruka yote hayo. Alijaza gesi, baridi ikatoka, akanawa mikono. Wiki tatu baadaye kompresa, mashine inayosukuma gesi, ikakaukiwa na oili, ikakwama. Nilimwambia wazi kuwa ni haraka yake, kisha nikamtunzia siri.

Safari hii aliosha kila bomba. Kompresa mpya, oili mpya, oringi mpya, zile pete za mpira za kuziba viungo. Akanyonya hewa yote kwa pampu, akaizima, akautazama mshale wa geji, kipimo cha mgandamizo wa mabombani. Ukitulia nusu saa, hakuna panapovuja. Nusu saa! Kwa mtu yule ni kifungo. Alizunguka gari, akafuta boneti aliyokwisha kuifuta, akaja kuniuliza saa, akarudi, akaja tena.

"Saa si unayo mkononi?" nikamwambia.

Dakika ya kumi na mbili teksi ikawashusha wifi na mzee.

"Tayari?" wifi akauliza.

"Bado, dada. Nasubiri."

"Wewe? Unasubiri?" Akacheka peke yake. "Jaza gesi twende, tumechelewa."

"Jaza tu, mwanangu," mzee naye akasema, jasho likimtiririka.

Nikaona mkono wa mume wangu unakwenda kwenye koki ya mtungi wa gesi. Nikasogea karibu. Mkono ukasimama, ukarudi.

"Mara ile ni mimi," akasema. "Sikuosha mabomba. Nilitia gesi mpya juu ya oili ya zamani kwa sababu ya haraka zangu. Gari halikuwa na kosa. Baba, nisamehe."

Mzee akajifuta jasho. Wifi alinigeukia mimi.

"Na wewe ulijua?"

Niliinamisha kichwa. Aibu ile bado ninayo.

Dakika ya ishirini mshale ukaanza kupanda, polepole sana, dalili kwamba hewa inaingia mahali. Angejaza, gesi ingeishia barabarani. Alifungua viungo kimoja kimoja mpaka akakuta oringi moja imekaa upande. Ikabidi aanze upya, na safari ya siku ile ikafa. Wifi akampigia daktari simu, wakapewa miadi ya kesho yake. Mzee akalala chumbani kwangu chini ya feni, nami nikawa naingia kila mara kumsikiliza anavyopumua.

Alasiri mshale ulitulia nusu saa nzima. Pilipili akajaza gesi, pungufu kidogo kuliko kipimo cha zamani kama inavyotakiwa, na baridi ikatoka. Wifi akaweka kiganja kwenye tundu la hewa, akakiacha hapo mpaka kikapoa. Kisha akachomoa ufunguo na kumwekea mdogo wake mkononi.

"Kesho mimi siendi," akasema. "Utaendesha wewe, saa zote tano, na baba atakaa pembeni yako."