Kinyonga wa Wambui

Hamjambo nyote wa familia? Shosho wetu, nyanya ya watoto, Mama Kevo, Shiru na mapacha, natumai mko salama.

Mimi leo nimeua kinyonga shuleni.

Darasa la Wambui wangu walikuwa wanaandika kila mdudu na mnyama anayeishi pale uwanjani, ati watu wa sayansi wanataka kujua. Nikafika kumchukua, nikaona kinyonga kwa mkono wake. Si mnajua vile tulilelewa kuogopa hiyo kitu! Nikaiangusha chini, nikaikanyaga.

Wenzake wakapiga kelele, "Mathe wa Wambui ameua sayansi!"

Yeye hakulia. Akasema tu, "Mum, nilikuwa bado sijamwandika."

Sasa tuko nyumbani. Hataki chai, hataki kuniangalia.

Nimwambie nini? Nijibuni haraka, tafadhali, kabla hajalala.