Siku Niliyofunga Mbele ya Kuku wa Akina Nafula

Hata leo nikisikia harufu ya supu ya mifupa naangalia chini, kwa sababu siku niliyopelekwa kwa akina Nafula nilijiaibisha mpaka nadhani kuku wa pale wananijua kwa jina. (Hao kuku nitawafikia.)

Mimi ni mtu wa aibu. Nafanya kazi kwenye mashine ya kusaga unga hapa Kitale, na naipenda kwa sababu ile kelele inazuia watu kuniongelesha. Sasa tumbo likaanza kuniuma upande wa kushoto, huku chini, kama mtu ameweka makaa pale na anayapuliza, nikavumilia mpaka nikashindwa kuinua debe la mahindi, ndipo nikaenda hospitali. Daktari alinipiga picha ya tumbo akasema utumbo mkubwa umetoa vifuko vidogo na kimoja kimevimba, ati vijana kama mimi hawaonekani sana na huo ugonjwa, kisha akaniuliza maswali ya choo mbele ya nesi mpaka nikatamani kurudi nyumbani na maumivu yangu. Alinipa vidonge na sheria: kwa siku chache ninywe tu, maji, chai ya rangi, supu iliyochujwa, halafu nianze uji mwepesi, na maumivu yakizidi nirudi mbio.

Shida ni kwamba wikendi hiyo ndiyo Nafula alikuwa anipeleke kwao Kimilili, baba yake anione na aamue kama nitume wazee wetu au nibaki na mashine yangu. Ningemwambia Nafula ukweli tungeahirisha. Lakini msichana unayempenda unamwambiaje habari za utumbo? Nilimwambia ni mafua. Nikajaza themosi supu, nikaificha kwenye begi chini ya sweta, tukaenda.

Kabla ya kuingia, Nafula alinionya kwamba kwao mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawakai meza moja, na wakikutana kila mmoja anageukia kwake. Kwa hivyo mama yake nilimwona kitambaa cha kichwa tu, kikipita jikoni. Baba yake ni mzee wa kanisa, mtu mkubwa mwenye sauti ya chini. Alinisalimu "mulembe", akaniketisha, na meza ikajaa: ugali kama kichuguu, kuku mzima aliyechinjwa kwa ajili yangu, na mzee mwenyewe akachukua firigisi kwa vidole vyake akaiweka kwenye sahani yangu.

"Hii hatumpi kila mtu," alisema.

Nami nilikuwa nimesikia tangu utotoni kwamba kwa Wabukusu ukikataa kuku umekataa nyumba. Nikaangalia firigisi. Makaa yakapulizwa. Mdomo ukajisemea wenyewe.

"Baba, nimefunga."

"Umefunga?"

"Nimefunga na kuomba."

"Kwa ajili ya nini?"

"Ya hii nyumba."

Mzee akamgeukia binti yake. "Nafula, huyu ulimtoa wapi?" Akapangusa macho. "Basi hatuwezi kutafuna mgeni akituangalia. Rudisheni chakula jikoni. Sisi pia tumefunga mpaka jioni."

Mjomba wa Nafula, Wekesa, alikuwa ameshanawa mikono. "Hata mchuzi?" aliuliza.

"Hata mchuzi."

Vile Wekesa aliniangalia sitasahau. Na haikuishia hapo, kwa sababu mzee alituma watu wawaite akina mama wa maombi kutoka nyumba za jirani, wakaja wakaimba, kisha nikaambiwa niongoze sala (mimi, ambaye hata kuita konda inanishinda), nikaomba sentensi moja ambayo nusu yake ilikuwa amina. Wakasema nina unyenyekevu.

Njaa na maumivu vilipopanda pamoja niliomba kwenda choo, nikabeba begi.

"Si ungeacha hilo begi, bana?" alisema Wekesa.

"Mwache," mzee akamkemea. "Labda ni Biblia."

Nilipita choo nikajificha nyuma ya ghala la mahindi, nikanywa supu vikombe viwili vya haraka, na tumbo likaanza kunyamaza. Nikazunguka kona nikitafuta kivuli. Pale, amechuchumaa kati ya kuku, alikuwa Mama Nafula, shavu limejaa, mkononi ameshika firigisi yangu iliyobaki nusu. Alikuwa amepika tangu alfajiri, na yeye kufunga hakuulizwa.

Tuligeuka wote wawili mara moja, kwa heshima. Mimi niligeuka vibaya, nikakanyaga kuku, nikaangukia upande uleule wa kushoto, themosi ikanimwagikia, nikapiga ukelele. Watu wote wakaja. Walinikuta chini, shati jeupe limelowa.

Mzee aliinama akanusa. "Hii ni supu."

"Ndiyo, baba."

"Ya nyama."

"Ya mifupa, baba."

"Na umefunga."

Nilitafuta uongo mwingine nikakosa, basi nikamwaga kila kitu hapo chini, utumbo, vifuko, daktari, nesi, hadi mambo ya choo, akina mama wa maombi wakisikiliza.

"Uliniambia ni mafua," alisema Nafula.

"Sikujua pa kuanzia."

Mzee alinyoosha mgongo. "Mtu anayeficha tumbo lake atanificha nini kingine akishampata binti yangu?"

Nilijua Nafula nimempoteza, hivihivi nikimtazama.

Ndipo Mama Nafula akamaliza kumeza. Alikuwa bado ametupa mgongo, kwa hivyo aliongea na kuku aliyekuwa mbele yake.

"Wewe kuku, mwambie mzee kwamba huyu kijana aliogopa kukidharau chakula changu, hakumficha mtu kitu kingine. Na badala ya kusimama hapo akihubiri, amwinue. Mwambie mgeni aende alale, uji unakuja."

Kuku akamwangalia mzee. Mzee akamwangalia kuku.

"Kwa hivyo," akauliza Wekesa, "chakula tunaweza kula?"

Mama mmoja wa maombi alicheka, wakacheka wote, na mwishowe mzee naye, akanishika mkono akaniinua.

Nililazwa kwenye kochi na chupa ya soda iliyojaa maji moto, imefungwa kwa leso, juu ya tumbo. Uji wa wimbi ukaja, mwepesi kama maji. Maumivu yalishuka kidogo kidogo, kama mashine yetu ikizimwa jioni, unapoanza kusikia ndege tena. Nafula alikaa miguuni pangu. "Mafua," alisema, akatikisa kichwa, akaniwekea ile chupa vizuri.

Niliporudi kwa daktari alisema ninaendelea vizuri, na wazee wetu wameshakaribishwa Kimilili. Siku hizi mtu akiniuliza hali namwambia yote, mpaka anajuta kuuliza. Uongo wa tumbo sitausema tena maishani.

Ila mmoja nimeubakisha. Jioni ile, wakiwa mezani, mzee aliuliza, "Firigisi ya mkwe iko wapi? Iwekwe mpaka apone."

"Labda ni paka," nilisema kutoka kwenye kochi.

Jikoni nikasikia sauti ya chini ikisema, "Kuku, mwambie mkwe uji bado uko."